Kwaya Isiyosikia Usharika

Hoja imepanda mlima. Ilianza mijini, ikapita Mombo, ikapumzika Soni, na sasa inazungumzwa Bumbuli na hapa kwetu Mgwashi: kwamba kwaya zinunuliwe monita za masikioni zisizo na waya. Wanaoomba ni vijana wetu wenyewe, watoto tuliowabatiza na kuwapa kipaimara, na wanaomba kwa nia njema. Wameona kwenye simu zao waimbaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Marekani wakiimba huku wana vidude vidogo masikioni na kiboksi kiunoni. Wameona pia kwamba siku hizi vipo vya bei nafuu. Basi wanauliza: kwa nini na sisi tusiwe navyo?

Swali hilo linastahili jibu la heshima, na baadhi yetu wazee tumelijibu ovyo. Tumesema ni mambo ya kidunia. Hilo si jibu. Kinanda nacho kilitoka ng'ambo, matarumbeta nayo yalitoka ng'ambo, hata bati lililo juu ya vichwa vyetu halikuota Usambara. Kifaa hakina dhambi. Mimi nasema baraza la wazee lisivinunue, lakini si kwa sababu ya udunia. Nasema hivyo kwa sababu vifaa hivi, na hasa vya bei nafuu, vinaziba sikio ambalo usharika unalihitaji liwe wazi.

Tuanze kwa kuelewa kitu chenyewe, maana mtu hawezi kupinga asichokijua. Mwimbaji anayeimba kwenye maiki anahitaji kujisikia. Spika kubwa zinaelekea kwa waumini, si kwake. Ndiyo maana huwekwa spika nyingine sakafuni mbele yake, ikimwelekea usoni. Hiyo ndiyo monita. Tatizo la monita ya sakafuni ni kwamba sauti yake inarudi ndani ya maiki, inazunguka, na ghafla spika zinapiga mluzi hadi watoto wanalia. Tatizo la pili ni kelele. Mpiga ngoma anapiga, mwenye gitaa hajisikii, anaongeza. Mwenye kinanda naye anaongeza. Mwimbaji anamwambia fundi wa miksa amwongezee. Baada ya nyimbo tatu, kanisa lenye ukuta wa tofali na paa la bati linatetemeka, na bibi wa benchi la pili ameziba masikio kwa kitenge.

Monita ya masikioni inatatua hayo mawili. Sauti haitoki tena sakafuni, inatoka kwenye miksa kwenda kwenye kifaa cha kurushia, inasafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichofungwa kiunoni, na kutoka hapo inapanda kwa waya mwembamba hadi ndani ya tundu la sikio. Hakuna mluzi. Kelele ya jukwaani inapungua. Kifaa hiki kina historia ya heshima: mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen huko Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen vifaa vya masikioni vilivyomkaa sawasawa, kwa sababu masikio ya mpiga ngoma huyo yalikuwa yanaharibika kwa kelele. Kutokana na kazi hiyo Harvey alianzisha kampuni ya Ultimate Ears. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba vilibuniwa kwa ajili ya mbwembwe. Vilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa anaelekea kuwa kiziwi.

Hayo ni kweli, na vijana wana haki ya kuyasema. Sasa wasikilize na yale ambayo tangazo la duka halisemi.

La kwanza ni mawimbi. Mifumo mingi ya bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Hayo ndiyo masafa ya Wi-Fi na ya Bluetooth. Hayahitaji leseni, na kwa sababu hiyo kila mtu yumo humo. Jumapili kanisani kila benchi lina simu. Kijana mmoja amefungua intaneti ya simu yake ili mwenzake arushe ibada moja kwa moja. Mwingine ana saa ya mkononi inayozungumza na simu. Mwingine ana spika ndogo ndani ya begi. Tena mawimbi haya hayapendi maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwaya ikigeuka, ikicheza, ikipishana, miili yenyewe inakata mawimbi. Mazoezi ya Alhamisi, kanisa likiwa tupu, kifaa kitafanya kazi vizuri sana. Siku ya sikukuu, kanisa likiwa limejaa hadi mlangoni, ndiyo siku kitakapokatika.

Mtasema basi tununue ile ya UHF. Masafa ya UHF yamo runinga za kidijitali, na hapa nchini ni TCRA inayoyagawa. Usharika hauwezi kuagiza kifaa chochote kutoka ng'ambo na kukiwasha kana kwamba hewa haina mwenyewe. Na mifumo ya UHF iliyo imara bei yake si ile mliyoipigia hesabu.

La pili ni namna kifaa kinavyoharibika. Hili naomba mlifikirie sana. Monita ya sakafuni ikizimika, mwimbaji bado ana masikio yake. Anasikia kinanda, anasikia wenzake, wimbo unaendelea. Monita ya masikioni ikizimika, mwimbaji amezibwa pande zote mbili. Amebaki peke yake na mvumo wa sauti yake ndani ya fuvu. Ziba masikio yako kwa vidole uimbe ubeti mmoja, utaelewa ninachosema: sauti inakuwa nzito, inavuma kama mtu aliyeingia ndani ya pipa, na hujui tena kama uko juu au chini ya wimbo. Hiyo ndiyo hali ya mwimbaji betri inapoisha katikati ya kiitikio. Na betri za vifaa hivi kwa kawaida zimefungwa humo humo ndani, hudumu saa chache tu zikiwa mpya, na hupungua nguvu kila mwaka. Sisi tunajua umeme wa milimani ulivyo. Usiku wa mvua kubwa umekatika, asubuhi ibada ipo, vipokezi havikuchajiwa. Nani ataimba?

La tatu ni kwamba wote watasikia chungu kimoja. Kifaa kimoja cha kurushia kinaweza kulisha vipokezi kadhaa, na wauzaji wanalisema hilo kama baraka. Lakini vyote vinapokea mchanganyiko uleule. Sauti ya kwanza inataka kujisikia, ya nne inataka kujisikia, mpiga gitaa anataka ngoma, mpiga ngoma anataka gitaa. Ili kila mmoja apate mchanganyiko wake, kila mmoja anahitaji kifaa chake cha kurushia, na miksa iwe na njia ya kutolea sauti ya kila mmoja. Miksa ndogo zilizo katika sharika nyingi za vijijini zina njia moja au mbili tu za namna hiyo. Kwa hiyo tutanunua vifaa, halafu tutaambiwa tununue miksa. Tukishanunua miksa tutaambiwa hakuna fundi wa kuiendesha. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Tuipige hesabu, maana fedha ya kanisa si ya kutajwa kwa aibu. Tuseme seti moja ya kurushia na kupokelea ni shilingi 400,000. Kwa waimbaji na wapigaji sita, kila mmoja na yake, ni shilingi 2,400,000. Fedha ya kanisa la mlimani inatoka wapi? Inatoka kwenye chai, viazi, kabichi na maharage. Inatoka kwenye mnada baada ya ibada, pale nje, ambapo kuku wa mama mjane anashikwa miguu na kuinuliwa juu na wazee wanashindana bei. Tuseme kuku mmoja amenunuliwa shilingi 15,000. Hizo ni kuku 160. Wakulima wa chai wa pande hizi wanakumbuka kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, na namna majani yalivyokosa pa kwenda. Hata wakati huo sadaka haikukoma. Mtu aliyetoa sadaka katika mwaka wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kama alitoa ili usharika uimbe, au ili watu sita wajisikie.

Lakini hata kama vifaa hivi vingekuwa bure bado ningevipinga visiwe masikioni mwa kwaya siku ya Bwana. Gharama ni hoja ndogo. Hoja kubwa inakuja sasa.

Nani anaimba kanisani? Sisi Walutheri tuna jibu la zaidi ya miaka 500. Kabla ya Matengenezo, sehemu kubwa ya uimbaji wa ibada ilikuwa kazi ya makasisi na kwaya zao, kwa Kilatini, na mwumini alisikiliza. Luther aliurudisha wimbo kwa watu. Mwaka 1524 vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilichapwa Ujerumani, kwa lugha ambayo fundi viatu na mke wake waliielewa. Tangu hapo, kwetu, wimbo wa usharika ni mahubiri. Mtume Paulo, anapowaandikia Wakolosai katika sura ya tatu, anaagiza kwamba nyimbo ziwe njia ya waumini kufundishana. Angalia neno hilo: kufundishana. Halina upande mmoja. Huwezi kufundishana na mtu usiyemsikia.

Wamisionari walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walituletea nyimbo hizo. Misheni yao baadaye ilihamia Bethel, kule Bielefeld, ikajulikana kwa jina hilo. Na hapo Bethel alikuwapo mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki mwaka 1941, ambaye Walutheri wanamkumbuka kama baba wa kwaya za matarumbeta. Siri yake ilikuwa nini? Kuhlo alitaka mpiga tarumbeta asome nota zilezile anazosoma mwimbaji, katika kitabu kilekile, ili tarumbeta na usharika wawe kitu kimoja. Bendi za kijeshi za wakati huo zilikuwa na uandishi wao tofauti. Yeye alisema hapana, chombo kitumikie wimbo wa watu. Ndiyo maana hadi leo ukiwatazama wapigaji matarumbeta wetu wamesimama nje ya kanisa asubuhi ya Pasaka, wamejipanga kwa nusu duara, kila mmoja anamtazama mwenzake na kumsikia, na hawana hata waya mmoja.

Kisha sisi wenyewe tukaongeza yetu. Mwaka 1968 huko Makumira mchungaji Howard Olson alitoa kitabu cha nyimbo za Kikristo zenye tuni za Kiafrika, Tumshangilieni Mungu, na nyingi kati yake ni za kupokezana. Mmoja anaanzisha, umati unajibu. Kila Msambaa anaujua mtindo huo tangu shambani: mwimbishaji anatupa, watu wanadaka. Sasa niambieni, mwimbishaji anajuaje wakati wa kutupa tena? Anajua kwa kusikia jibu. Jibu likiwa zito, anasubiri. Jibu likiwa changa, anarudia. Jibu likiwaka moto, anapandisha. Wimbo wa kupokezana unakaa katikati ya midomo yake na midomo yao, na anayeubeba ni sikio.

Mzibe masikio mwimbishaji huyo, mpe mchanganyiko wa kinanda na sauti yake mwenyewe, uone. Ataimba vizuri. Ataimba kwa tuni sahihi. Lakini atamaliza ubeti wa tatu wakati usharika bado uko kwenye kiitikio cha pili. Atasema "inueni sauti zenu" wakati sauti zimeshainuliwa na yeye hazijamfikia. Atafumba macho, na sisi tutadhani amezama rohoni, kumbe amezama ndani ya masikio yake.

Wataalamu wanajua tatizo hili. Kwenye majukwaa makubwa huwekwa maiki maalumu zinazowaelekea watu, ili sauti yao irudishwe masikioni mwa mwimbaji. Yaani kwanza unaziba sikio aliloliumba Mungu, halafu unanunua maiki mbili na njia nyingine za miksa ili kumrudishia alichokuwa anakisikia bure. Mifumo ya bei nafuu haifiki huko. Inaishia kwenye kuziba.

Wapo watakaosema: si wachomoe sikio moja? Wengi wanafanya hivyo, na ndilo jambo baya kuliko yote. Sikio moja likibaki peke yake na kifaa, ubongo haupati nguvu ya masikio mawili, basi mtu anaongeza sauti. Tena anaiongeza kwa sababu sikio lililo wazi linaingiza kelele yote ya jukwaa. Nikukumbusheni hesabu ya sauti. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini, desibeli 85 mtu huzivumilia kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza sauti kubwa. Vifaa vya bei nafuu vingi havina kizuizi cha kuaminika cha sauti ya ghafla. Maiki ikidondoka, mshindo wake unaingia moja kwa moja kwenye ngoma ya sikio. Kifaa kilichobuniwa kuokoa masikio kinaweza kuyaua, kikiwa mikononi mwa asiyefundishwa. Na tusisahau vile vipira vya masikioni. Kwaya ya vijana ikimaliza, kwaya ya akina mama inavaa vilevile. Tunagawana kikombe cha Bwana. Hatukuagizwa kugawana nta.

Wapo wengine, nao ni wachungaji na wazee wenye uchungu wa kweli, wanaosema: tukiwanyima vijana vifaa wataondoka, wataenda kwenye makanisa yenye bendi. Ndugu zangu, tuache kudanganyana. Kijana haondoki kanisani kwa sababu ya kukosa kiboksi kiunoni. Anaondoka kwa sababu hakuna aliyemfundisha kitu, hakuna aliyemkabidhi kitu, na hakuna aliyemsikiliza. Tukimpa kifaa badala ya mwalimu, tumemlipa ili asituulize. Siku betri itakapokufa hatabaki na chochote mkononi. Kijana aliyefundishwa kusoma nota za sol-fa, aliyefundishwa kushika sauti ya nne akiwa katikati ya watu wa sauti ya kwanza bila kuyumba, huyo amepewa monita ndani ya kichwa chake. Haichajiwi. Haikatwi na simu ya mtu. Ataenda nayo Tanga, ataenda nayo Dodoma, na usharika wowote atakaouingia utamtambua kuwa ni mtoto wa kwaya.

Tena niseme neno la kuwatetea vijana dhidi yetu. Malalamiko yao ya msingi ni ya haki. Kelele jukwaani ni kubwa mno, hawajisikii, na koo zao zinakauka. Lakini waliotaka kelele hizo ni nani? Ni sisi tuliodhani kwamba Roho Mtakatifu hupimwa kwa ukubwa wa spika. Nabii Amosi alisema zamani, katika sura ya tano, kwamba Bwana anaweza kuchoshwa na kelele za nyimbo zetu. Kanisa la watu 200 lenye kuta za tofali halihitaji spika za uwanja wa mpira. Likipunguziwa sauti, mluzi utaisha wenyewe, na mwimbaji atajisikia bila kununua kitu.

Kwa hiyo sisemi tukae bila kufanya lolote. Nasema baraza lifanye haya, na lifanye kwa mpangilio huu.

Kwanza, tupunguze. Ngoma isogezwe nyuma, au ipigwe kwa fimbo laini. Gitaa na kinanda vishushwe hadi mtu wa benchi la kwanza aweze kumsikia jirani yake akiimba. Hicho ndicho kipimo: kama simsikii mwumini aliye kando yangu, sauti imezidi.

Pili, tupange upya. Spika kubwa zikae mbele ya maiki, kamwe zisiwe nyuma yake. Kwaya isimame kwa nusu duara kama matarumbeta, isisimame kwa mstari mmoja kama askari wa gwaride. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 10 kutoka kwenye kinanda anakisikia kikiwa kimechelewa karibu milisekunde 30, na kwaya iliyotawanyika huanza kuvutana. Wakikaribiana, nusu ya tatizo lao imekwisha.

Tatu, wale wanaokaa chini wakipiga, yaani mpiga ngoma na mpiga kinanda, tuwape vya masikioni, lakini vya waya. Kifaa kidogo cha kukuzia sauti chenye waya ni cha bei ndogo kuliko mfumo wa mawimbi, hakikatiki, na mtu aliyekaa haendi popote. Hao ndio wenye haja iliyompata yule mpiga ngoma wa Marekani. Mwimbaji na mwimbishaji wabaki na masikio wazi. Na asije mtu na zile za Bluetooth za kusikilizia muziki wa simu. Sauti yake mara nyingi inachelewa milisekunde 100 hadi 200, na hakuna binadamu awezaye kuimba na mwangwi wa namna hiyo.

Nne, kwenye mikutano ya injili ya nje, uwanjani, ambako jukwaa ni kubwa na watu wako mbali, tukodi mfumo ulio imara pamoja na fundi wake kwa siku hizo tatu. Sikatai hilo. Uwanja si kanisa, na mkutano mmoja kwa mwaka si Jumapili 52.

Tano, zile shilingi 2,400,000, au sehemu yoyote tutakayoipata, zimlipie nauli na posho mwalimu wa muziki apande huku mlimani mara mbili kwa mwezi, awafundishe vijana wetu na watoto wa shule ya Jumapili. Mtasema mwalimu ni ghali. Mwalimu akiondoka anaacha walimu.

Najua hoja hii itakapofika kwenye kikao kuna mtu atasimama na kusema mzee anapinga maendeleo. Namjibu kabla hajasimama. Maendeleo ya uimbaji wa kanisa hupimwa kwa idadi ya wanaoimba. Kama leo katika usharika wenye watu 200 wanaimba 40 walio mbele, na wengine 160 wanatazama kama watu walioenda kuona ngonjera, basi tumerudi nyuma kabla ya 1524, hata kama vifaa vyetu ni vya mwaka huu. Wale 160 hawakunyamaza kwa kukosa imani. Walinyamaza kwa sababu hakuna aliyekuwa anawasikia, na mtu asiyesikilizwa hatimaye hunyamaza. Mnaweza kuliona hilo katika ndoa, mnaweza kuliona katika kikao cha kijiji, na mnaweza kuliona katika wimbo.

Katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya tano, tunasoma habari za kuwekwa wakfu hekalu la Sulemani. Walikuwapo makuhani 120 wenye tarumbeta, pamoja na waimbaji, na vinanda, na matoazi. Maandiko yanasema walisikika kama sauti moja, ndipo wingu likaijaza nyumba. Wingu halikusubiri sauti iwe kubwa. Lilisubiri iwe moja. Na watu wengi namna ile hawawezi kuwa sauti moja bila kila mmoja kumsikia mwenzake.

Sisi wa milima hii tunalijua wingu. Hutujia asubuhi, huingia hadi madirishani, na huondoka lenyewe. La hekaluni ni jingine. Hilo haliji kwa desturi ya nchi. Basi, wazee wa kanisa, siku hoja itakapoletwa mezani, msiwaulize vijana kama vifaa ni vizuri. Ni vizuri. Waulizeni ni nani wanataka kumsikia. Na wewe, msharika unayesoma haya, Jumapili ijayo usisubiri wapungue sauti ndipo uimbe. Imba. Imba hadi aliye mbele avue alichokivaa masikioni ili ajue ni nini kinachoendelea nyuma yake.